Ruhusa ya Mama Yake Harn

Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Machi. Asubuhi hiyo jua lilitoka jekundu, bila miale, na moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umelala juu ya paa la hekalu. Upepo haukuwapo kabisa. Milima ya mpakani, ambayo siku nyingine unaiona ukiwa umesimama jikoni, ilikuwa imepotea. Watoto walikohoa huku wananyolewa.

Walikuwa wamekaa kwa mstari uani, wavulana wa Kishan, kabila letu, kutoka mashamba yote ya machenza ya bonde la Fang, kila mmoja na jani la yungiyungi mapajani. Kwetu mama ndiye anayekata nywele za kwanza. Anazilaza kwenye jani, baba anafuata, halafu ndugu, mwisho mtawa anamaliza kwa wembe. Baada ya hapo mvulana anapakwa poda na kuvikwa mapambo, anakuwa mwana wa mfalme. Anabebwa mabegani, haruhusiwi kukanyaga ardhi, mpaka siku ya tatu anapovuliwa mapambo yote na kuvikwa joho la utawa.

Harn alikuwa na jani lake, lakini mbele yake hakukuwa na mtu.

"Mwalimu, nenda," Bi Ye aliniambia. Bi Ye ndiye mpishi wa hekalu, mjane mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. "Unangoja upigiwe ngoma?"

Nilichukua mkasi. Harn alinitazama kwa pembeni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, masikio makubwa.

"Usikate bado," alisema. "Mama anakuja leo."

"Nani kakwambia?"

"Barabara ya juu imefunguliwa. Sai Jom kasema."

Sai Jom, mchuma machenza aliyekubali kumbeba siku zote za sherehe, alikuwa amechuchumaa nyuma yetu akivuta sigara. "Nilisema nimesikia imefunguliwa," alijibu. "Nasikia mengi mimi. Nilisikia pia kwamba mwaka huu naoa."

Wanawake walicheka. Harn hakucheka. Tulingoja mpaka wavulana wengine wote wakawa vipara, na mtawa mwenye wembe akaja kusimama mbele yetu. Ndipo nilipokata. Nywele zilikuwa laini, zimelowa jasho. Nilisali kimya: Bwana Buddha, zipokee hizi kwa niaba ya mkono ambao haupo.

Mimi naitwa Nang Hom. Nilivuka mpaka nikiwa msichana, sijui kusoma hata jina langu, na nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa la jioni la hekalu hilihili, nimekaa mkekani na watoto wa miaka saba. Mtawa aliyenifundisha aliporudi kwao, niliambiwa nilishike darasa mpaka apatikane mwalimu. Hajapatikana. Kila jioni nikitoka kwenye banda la kuchambua machenza, mikono bado inanuka nta, napita hekaluni, nafagia sakafu, nawasha taa na kuandika ubaoni herufi za kwetu ambazo shule za nchi hii hazina haja nazo. Silipwi. Napewa wali na Bi Ye, na maneno yake ya kuteremshia. Watoto wengine husinzia kwa sababu wameshinda shambani, nami siwaamshi mara moja. Watawa wadogo hukaa mbele. Wao siwapi chaki mkononi, kwa kuwa mimi ni mwanamke. Naiweka juu ya kitambaa, wanaiokota. Harn alikuwa akiichukua tu kwenye vidole vyangu.

Mama yake, Nang Mwe, alikuwa mwanafunzi wangu pia, mwanamke wa kucheka sana, anayeandika herufi kubwa kama za kuandika ukutani. Baba wa mtoto alikufa zamani. Mvua zilipokwisha, Nang Mwe aliletewa habari kwamba mama yake mzazi anakata roho upande wa pili. Aliniachia Harn, akasema atarudi kabla machenza hayajaiva. Mwanzoni tuliongea naye kwa simu. Halafu vita vikahamia kwenye barabara ile na simu ikawa haiiti tena. Waliovuka baadaye walisema kijiji kimehamwa. Mmoja alisema kimeungua. Hakuna aliyesema amemwona.

Machenza yakaiva, yakachumwa, yakaisha. Nyapara wa shamba akatoa chumba cha Nang Mwe kwa watu wengine. Mimi nalala bwenini na wanawake wa banda, ambako mtoto wa kiume haruhusiwi. Nilimficha Harn nyuma ya magunia mpaka nyapara alipomkuta. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jumanne kuna lori la wanaorudi kwao baada ya msimu, na mtoto atapanda lori hilo, kwa kuwa shamba si nyumba ya malezi. Kule lori linakokwenda, wavulana wa umri wake huchukuliwa njiani kubeba mizigo ya wanajeshi. Jambo hilo linajulikana na kila mtu, hata nyapara.

Palibaki hekalu. Zamani mtoto yeyote alilala hekaluni. Tangu wakaguzi wa serikali walipokuja, wanaoruhusiwa kulala ni waliovaa joho tu. Kwa hiyo nilikwenda kumwandikisha Harn kwenye sherehe, nikaazima mapambo, nikampata Sai Jom, nikadhani Bwana amenisikia.

Mchana ule ule wa Jumamosi, Baba Mkuu wa hekalu aliniita ukumbini. Ni mzee mpole, anaumwa magoti, na moshi ulikuwa umemkausha sauti.

"Mwalimu Hom," alisema, "Jumatatu nitamuuliza kila mtoto mbele ya watu kama wazazi wake wameridhia. Huyu wako atajibu nini?"

"Atajibu ndiyo, Baba Mkuu."

"Itakuwa kweli?"

Nilitazama sakafu.

"Kama mama yake alikwambia neno lolote kuhusu utawa, hata kwa utani, niambie."

"Hakuniambia. Alitaka awe fundi wa pikipiki."

Baba Mkuu alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Siwezi kumvika joho mtoto ambaye mama yake hajaulizwa. Sheria hii si yangu. Ni ya tangu mwanzo. Angekuwa yatima, mlezi angesema, nami ningempokea. Lakini huyu si yatima. Au ni yatima?"

"Hatujui, Baba Mkuu."

"Basi tafuta kujua," alisema, na niliona kwamba naye alijua hilo haliwezekani.

Nilikwenda jikoni. Bi Ye alikuwa akikata kabichi kwa ajili ya watu mia kadhaa, na wasaidizi wake walikuwa wamekwenda kuwatazama wavulana wakipakwa poda. Nilimweleza. Hakuacha kukata.

"Huyo mwanamke amekufa, binti. Wewe unajua, mimi najua, na Sai Jom na ujinga wake anajua."

"Hatujui, Bi Ye."

"Umesoma mpaka akili imekwisha. Kijiji kimeungua, mtu haonekani, simu haiiti. Unataka akuletee mwenyewe habari za kifo chake?" Alipangusa kisu kwa aproni. "Kesho kuna kumwaga maji ya marehemu. Jina likitajwa pale, limetajwa mbele ya watawa wote. Baba Mkuu hatauliza tena. Mtoto anavaa joho, analala, anakula, anasoma. Lori linaondoka bila yeye. Niambie ubaya uko wapi."

Nilichukua kisu cha pili, nikakata kabichi pamoja naye. Jioni nilipiga magoti mbele ya sanamu ya Bwana, nikainama mara tatu, nikaomba nipewe neno. Sikupewa. Au nilipewa, nikawa naogopa kulisikia. Nililala bila kumrudia Bi Ye kumwambia hapana.

Jumapili moshi ulizidi. Wana wa mfalme walitoka kwa msafara, mabegani mwa baba na wajomba zao, ngoma ndefu zikilia, miavuli ya dhahabu ikichezeshwa juu ya vichwa vyao. Harn alikuwa na taji la maua ya karatasi, midomo myekundu, soksi nyeupe zinazofika magotini. Sai Jom alicheza chini yake mpaka jasho likamloanisha.

"Mfalme wangu," alimwambia, "jana ulikula nini, mawe?"

"Maandazi."

"Mangapi?"

"Ya wote."

Kila tulipofika penye njia panda, Harn aligeuza kichwa upande wa kaskazini. Sai Jom alihisi shingo ikigeuka, akawa naye anageuka, ili mtoto aone vizuri. Hakukuwa na cha kuona ila moshi.

Tuliporudi, wavulana waliketishwa juu ya jukwaa la mbao lililotandikwa mikeka. Sisi tulikaa chini, kila familia na kibuyu kidogo cha maji na bakuli. Watawa walianza kuimba. Mzee msomaji, ambaye hukariri majina ya marehemu wa bonde zima kwa moyo, alianza kuyataja moja moja, na kila jina lilipotajwa, wenyewe walimimina maji ili thawabu iwafikie waliotangulia. Mimi humimina kwa ajili ya baba yangu na dada zangu. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia majina yao. Nilikuwa bado namimina polepole, kama inavyotakiwa, uzi mwembamba usiokatika.

"Na Nang Mwe," mzee alisema, kwa sauti ile ile, "mama yake Harn, aliyefia upande wa pili."

Ningeweza kuinua kibuyu. Hilo nalifikiria kila siku. Mkono ulikuwa wangu, na kibuyu kilikuwa chepesi. Lakini nilisikia lori la Jumanne kichwani, nikaendelea kumimina. Nilipoinua macho, Harn alikuwa ananitazama kutoka jukwaani. Hakumtazama msomaji wala Bi Ye. Alitazama maji yanayotoka mkononi mwangu.

Aliruka chini.

Watu wote walivuta pumzi pamoja. Soksi nyeupe zilikuwa zimegusa udongo. Bibi mmoja alianza kulia kwa sauti, kwamba mwana wa mfalme amekanyaga ardhi, kwamba mwaka huu tutaona. Akina baba walikimbilia kuwashika wavulana wao, kana kwamba kuanguka ni ugonjwa wa kuambukiza. Katika vurugu hiyo Harn alipita lango la hekalu, akaingia kwenye moshi.

Sai Jom alikuwa ameshawasha pikipiki. "Panda," aliniambia. "Kaa vizuri, usikae kama unakwenda arusi."

Tulichukua barabara ya kaskazini, kwa sababu hakuna aliyehitaji kujiuliza angekwenda wapi. Kabla ya mpaka kuna kizuizi cha askari. Harn hana karatasi yoyote. Wangemkamata, na kwa kumwonea huruma wangempeleka kwao, yaani kule kule. Sai Jom aliendesha taratibu, akitazama kulia, mimi nikitazama kushoto. Nilisali kwa sauti, midomo ikiwa imejaa vumbi. Tulikuta ua moja la karatasi barabarani, na mbele yake jingine.

Alikuwa ndani ya karavati, lile bomba kubwa la saruji linalopitisha maji chini ya barabara. Wakati wa kiangazi halina maji. Alikuwa amekaa katikati, taji mapajani, poda imepasuliwa na machozi. Niliinama nikaingia, nikakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Kutoka pale mdomoni mwa bomba mtu angeweza kuona kibendera cha kizuizi.

"Ulimwaga maji," alisema.

"Nilimwaga."

"Kwa hiyo unajua amekufa."

"Sijui."

"Ulimwaga na hujui."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa lori la Jumanne."

"Mimi pia naliogopa," alisema. "Lakini sikumwaga."

Nimefundisha watoto wengi, na wengi wameniuliza maswali nisiyoyajua, nikawaambia tutalitafuta kesho. Kesho hiyo haikuwapo. Nilijaribu kusali, maneno yote niliyoyakariri miaka yote yakawa yamekauka, nikabaki nasema tu ndani yangu, tafadhali, tafadhali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyojua kama ina wenyewe.

"Mwalimu," Sai Jom aliita kutoka juu, kwa sauti ya chini, "askari wanaitazama pikipiki yangu. Kama mnasali, salini kwa kifupi."

"Turudi," nilimwambia Harn.

"Sirudi. Nitavuka usiku."

"Hutafika."

"Wewe hujui."

"Hilo nalijua. Ndilo pekee ninalolijua."

Alianza kulia tena, bila sauti, mabega tu. Nilimshika kichwa kile kipya kisicho na nywele, nikakiweka begani kwangu. Alinuka poda na moshi. Alikubali kwa muda, kisha akajitoa.

"Yarudishe yale maji," alisema.

"Maji hayarudi, mwanangu. Yameshatoka kibuyuni."

"Basi sema. Sema mbele ya watu kwamba hajafa. Mimi nimesema tangu mvua ziishe, hakuna anayenisikiliza. Wananipa pipi. Wewe ni mwalimu, wewe watakusikia."

"Nikisema hivyo, Baba Mkuu hatakupokea. Utapanda lori."

"Ndiyo," alisema. "Lakini sema."

Nilimwambia nitasema kwamba hatujui, kwa sababu huo ndio ukweli wote nilio nao. Alilipima neno hilo. Kisha akaanza kutambaa kuelekea nje. Alipofika barabarani, Sai Jom alimgeuzia mgongo, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Nimeshakanyaga ardhi," Harn alisema.

"Nimeona. Panda hivyo hivyo. Mgongo ni wangu, hasara yako nini?"

Nilisukuma pikipiki, Sai Jom alitembea na mtoto mabegani, na tukarudi hivyo njia nzima, kwa kuwa hakukubali tena kumshusha hata kumketisha kwenye kiti cha pikipiki. Watu waliotuona walitoka njiani.

Jioni ile Bi Ye aliniwekea sahani, akasimama hapo. "Nilitaka kumsaidia," alisema.

"Najua. Na mimi nilimwaga."

"Kesho nyamaza tu, binti. Nakuomba. Kashatajwa, yamekwisha. Ukifungua mdomo unampandisha mtoto kwenye lori kwa mikono yako."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniondolea njaa. Kunyamaza kungemwokoa. Kusema kungempoteza. Na nilikuwa nimeahidi kusema, kwa mtoto ambaye ahadi ya mwisho aliyopewa na mtu mzima ilikuwa kwamba mama atarudi kabla machenza hayajaiva.

Jumatatu ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Wavulana walikuwa wamevuliwa mapambo. Bila poda walionekana wadogo sana. Wazazi waliwakabidhi majoho, yamekunjwa, rangi ya manjano iliyokolea, na kila mtoto aliyabeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya Baba Mkuu, akapiga magoti. Harn nilimkabidhi mimi. Vidole vyetu viligusana chini ya kitambaa. Nilijua kwamba akivaa, chaki yake nayo nitaiweka kitambaani, na kichwa kile sitakishika tena. Na asipovaa, sitakiona.

"Baba yako na mama yako wameridhia?" Baba Mkuu aliuliza wa kwanza.

"Wameridhia, Baba."

"Baba yako na mama yako wameridhia?"

"Wameridhia, Baba."

Wengine walisema kwa haraka, mmoja alisahau akalazimika kunong'onezwa na bibi yake, watu wakacheka kidogo. Kisha Harn. Baba Mkuu alimtazama, akabadilisha maneno.

"Nimesikia jina la mama yako likitajwa jana kwa marehemu," alisema. "Una mlezi wa kukusemea?"

Harn aligeuza kichwa, kama alivyokuwa akikigeuza kwenye njia panda, akanitafuta kwenye mikeka ya wanawake.

Nilisimama. Wanawake hawasimami wakati huo. Bi Ye alinivuta sketi kwa chini, nikaendelea kusimama.

"Baba Mkuu," nilisema, "jina lile halikupaswa kutajwa. Sote tulinyamaza, na mimi nilimwaga maji. Hakuna mtu hapa aliyeona mwili wake. Hakuna aliyeuona moto wa mazishi yake. Hatujui kama Nang Mwe amekufa."

Ulipita mnong'ono kutoka mbele mpaka kwenye ngazi. Mzee msomaji aliinamisha uso. Nyapara alikuwa amesimama karibu na nguzo, mikono nyuma, na hakuonekana kushangaa wala kufurahi.

"Kwa hiyo yu hai?" Baba Mkuu aliuliza.

"Sijui, Baba Mkuu."

"Ruhusa yake iko wapi?"

"Haipo."

Nilisikia mtu akisema, amemwua mtoto huyu. Labda alikuwa Bi Ye. Harn alikuwa bado amepiga magoti, joho mikononi. Baba Mkuu hakumwambia ainuke. Alifumba macho, na ukumbi mzima ukakaa na kukohoa na kungoja. Nilikuwa nimesema, na sasa hakukuwa na kingine cha kufanya; kama mtoto atapotea, amepotea kwa neno langu.

"Sheria hii," Baba Mkuu alisema hatimaye, macho bado yamefumbwa, "iliwekwa kwa sababu ya machozi ya mzazi aliyekuta mwanawe amechukuliwa bila kuulizwa. Haikuwekwa ili kumtupa mtoto njiani. Nimelifikiria hilo usiku wote, na bado linanitisha." Alifumbua macho, akatutazama sote. "Siku mama huyu akipanda njia ile, atamuuliza nani? Mimi ni mzee na magoti haya hayana mwaka mwingine. Ninyi machenza yamekwisha, wiki hii mnafuata kazi, wengine pwani, wengine kwenye mashamba ya matunda ya duriani. Nani atakuwa pale langoni kumjibu? Nikipata mtu wa kusimama hapo, atakayesema mbele yenu kwamba mtoto huyu si wetu, tumewekewa, na kwamba mama akimtaka atapewa, nitamvika. Nisipompata, sitamvika."

Hakuna aliyesema. Siwalaumu. Bonde hili wakati wa kiangazi halina kazi hata ya siku moja, na nyapara alikuwa ameniandika pamoja na wanawake wote wa banda kwa safari ya Jumatano kwenda kufungasha duriani. Asiyekwenda hupoteza nafasi yake ya msimu ujao, na kitanda, na karatasi ya kazi inayomruhusu kukaa nchi hii. Nilimtazama nyapara, naye alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemwonya ndugu yake.

Nilipita kati ya wanawake mpaka mbele. Nilipiga magoti nyuma ya Harn, mbali kidogo, nikainama mara tatu. Kisha niliinuka nikawageukia watu, kwa sababu Baba Mkuu hakuhitaji kuona uso wangu, wao ndio walihitaji.

"Mimi Nang Hom, mwalimu wa jioni wa hekalu hili, sina mtoto," nilisema. "Mbele ya Bwana Buddha, na mbele yenu mnaonijua, nasema hivi. Nang Mwe hajafa mpaka aje mtu aliyemwona kwa macho yake. Sitakwenda kwenye duriani. Siku atakayopanda njia ile atanikuta hapa, kuwe na kazi au kusiwe na kazi. Nitamwambia nilimwaga maji yake bila kujua, na nitampeleka kwa mtoto wake. Akisema hapana, atamchukua siku hiyo hiyo, na ninyi ni mashahidi. Mpaka hapo, mtu akimuuliza huyu mama yake ni nani, mtamjibu ni Nang Mwe. Na akiugua, niiteni mimi."